Divai nyekundu za bonde la Rhône kwa euro 10 hadi 15: kipi ununue, kipi ukiache rafuni

Swali: Naishi Lyon. Kila mwezi natenga kama euro 50 za divai nyekundu, chupa nne hivi, za kunywa na wageni siku ya Jumapili tukiwa na mbuzi wa kuchoma au pilau. Dukani nakuta Côtes du Rhône ya euro 4, na pembeni yake nyingine ya euro 13, jina lile lile. Nilipotaka kujitutumua kwa ajili ya sikukuu nikanunua Châteauneuf-du-Pape ya euro 17, ikawa haina mbele wala nyuma. Nifuate nini: jina, bei, medali au mwaka?

Jibu: Ndugu msomaji, pole kwa hiyo Châteauneuf. Tuanze nayo, kwa sababu ukijua kwa nini ilikuangusha, umeshapata nusu ya jibu.

Ardhi ya Châteauneuf-du-Pape ni ghali. Sheria inamzuia mkulima wa huko kuvuna zaidi ya hektolita 35 kwa hekta (hektolita moja ni lita 100), na zabibu lazima zichumwe kwa mkono na kuchambuliwa. Mkulima mwenye sifa huuza chupa yake kuanzia euro 28 au 30, na hakosi wateja. Sasa ile ya euro 17 imetoka wapi? Toa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 20, inabaki euro 14.17. Toa faida ya supamaketi. Toa chupa, kizibo, lebo, katoni na usafiri. Kinachobaki hakitoshi kununua divai nzuri ya kijiji kile. Mara nyingi kinatosha kununua tangi ambalo mkulima ameonja akaamua lisitoke kwa jina lake: mizabibu michanga, pembe ya shamba iliyobeba matunda kupita kiasi, au mwaka uliomwendea kombo. Mfanyabiashara hulinunua kwa jumla, hulichanganya na mengine ya namna hiyo, kisha hubandika lebo yenye herufi za dhahabu. Ni Châteauneuf halali kabisa, ila ulilipia jina, na divai ukapewa kama bakshishi.

Kwa bajeti yako, basi, nunua kilele cha jina dogo, usinunue mkia wa jina kubwa. Fuata mtengenezaji kwanza, kijiji cha pili, mwaka wa tatu. Medali iwe ya mwisho kabisa, na nitaeleza kwa nini.

Kwa nini moja ni euro 4 na nyingine 13

Côtes du Rhône ni jina pana mno. Lilipata hadhi ya AOC, yaani jina la asili linalolindwa na sheria, mwaka 1937, na leo linabeba vijiji 171 kutoka Vienne, kusini kidogo ya hapo ulipo, hadi Avignon. Juu yake kuna Côtes du Rhône Villages, yenye vijiji 95. Ngazi inayofuata ni Villages inayotaja kijiji chake kwenye lebo, mathalani Séguret au Visan. Juu kabisa ni vijiji vinavyosimama kwa jina lao peke yake, ambavyo Wafaransa huviita cru: Gigondas, Vacqueyras, Cairanne na wenzao. Kadiri unavyopanda, ndivyo mavuno yanavyobanwa: hektolita 51 kwa hekta kwa Côtes du Rhône ya kawaida, 44 kwa Villages, 41 kwa Villages yenye jina la kijiji. Mzabibu ukibeba mashada machache, rangi, sukari na harufu hugawanywa kwa mashada hayo machache, na hiyo ndiyo tofauti unayoisikia mdomoni.

Ila ngazi peke yake haielezi pengo la euro 4 na 13, maana chupa zote mbili ziko kwenye ngazi ileile ya chini. Hapo kinachosema ni hesabu. Chupa tupu, kizibo, lebo na sehemu ya katoni huchukua euro moja hivi, iwe divai ni duni au bora. Kwenye chupa ya euro 4, kodi inakula senti 67, duka linachukua lake, na divai yenyewe inabaki na chenji. Kwenye chupa ya euro 10, gharama za kioo na karatasi hazijabadilika sana, kwa hiyo ukishatoa kodi na faida ya duka, karibu kila senti uliyoongeza imekwenda kwenye zabibu na kazi ya mkulima. Ndiyo maana katika Rhône kuruka kutoka euro 4 hadi 10 kunakupa mengi, kuruka kutoka 10 hadi 15 kunakupa kiasi, na kutoka 15 hadi 25 mara nyingi unalipia sifa ya kijiji. Bajeti yako imeangukia mahali pazuri, pengine pazuri kuliko unavyodhani.

Kuna siri moja ndani ya jina hilo pana, na ni ya kuichimba. Mpaka wa Châteauneuf umechorwa kwa mstari, lakini mashamba hayasimami ghafla kwenye mstari. Wakulima wengi wa Châteauneuf wana vipande ng'ambo ya barabara, na divai ya huko hairuhusiwi kubeba jina kubwa. Inatoka kama Côtes du Rhône, ikitengenezwa na mikono ileile, katika ghala lilelile. Mfano maarufu ni Coudoulet de Beaucastel: shamba lake limetenganishwa na lile la Château de Beaucastel na barabara kuu ya A7. Hiyo sasa inazidi bajeti yako, lakini wapo wengine wengi wa namna hiyo, kama Domaine de la Janasse wa Courthézon. Ukitaka kuwatambua bila kukariri majina, soma msimbo wa posta kwenye lebo ya nyuma. 84230 ni Châteauneuf-du-Pape yenyewe, 84350 ni Courthézon. Côtes du Rhône ya euro 10 au 12 ya mkulima mwenye anwani hiyo ni dau zuri kuliko ile Châteauneuf ya euro 17.

Kuna pia nyumba kubwa za biashara zisizokuaibisha. Côtes du Rhône nyekundu ya Guigal hupatikana karibu kila mahali. Tofauti na nyingi za kusini, hiyo ina zabibu za Syrah nyingi kuliko za Grenache, ndiyo maana ina pilipili zaidi na utamu mdogo wa jamu. Famille Perrin na Chapoutier nao wana chupa za kawaida ambazo ni salama mtu akikukaribisha ghafla na duka lililo wazi ni la supamaketi tu. Salama, lakini si za kusisimua.

Zabibu zinavyofanya kazi

Rhône ni mabonde mawili yanayotumia mto mmoja. Kaskazini, kati ya Vienne na Valence, zabibu nyekundu ni moja tu, Syrah, kwenye miteremko ya matale inayoumiza miguu. Kisha kuna pengo lisilo na mashamba mengi, halafu kusini, kuanzia maeneo ya Montélimar, inaanza nchi ya joto, mawe na upepo wa mistral, ambako divai karibu zote ni mchanganyiko na kiongozi ni Grenache.

Grenache ina ganda jembamba, rangi hafifu na ukakasi mdogo, lakini inapandisha sukari haraka mno. Sukari ikichachuka inakuwa kileo, ndiyo maana chupa za kusini husoma asilimia 14, 14.5, hata 15. Adui yake ni hewa: ikikaa na oksijeni kupita kiasi inachoka, rangi inaingia ukahawia na ladha inakuwa ya tende zilizokauka. Syrah ni kinyume chake. Ina rangi nzito na uchachu wa kutosha, na harufu ya pilipili manga, ambayo si mapambo ya maneno: kemikali iitwayo rotundone imo katika Syrah na imo katika pilipili manga yenyewe. Udhaifu wake ni kwamba ikinyimwa hewa inafunga na kutoa harufu ya kiberiti. Kwa hiyo mtu wa kusini anazifungisha ndoa hizi mbili, kila moja ikifunika kasoro ya mwenzake, kisha anaongeza Mourvèdre kidogo kwa uti wa mgongo, au Cinsault na Carignan za mizabibu mizee.

Hapo hapo kuna mtego wa kuepuka. Kwa sababu Grenache haipendi hewa, watengenezaji wazuri wa kusini huilea kwenye matangi ya saruji au mapipa makubwa ya zamani, yale yanayoitwa foudres. Mapipa madogo mapya hupitisha hewa nyingi na kuongeza vanila na moshi juu ya tunda lisilo na misuli ya kubeba. Ukiona Côtes du Rhône ya euro 7 imeandikwa kwa fahari “élevé en fûts de chêne”, yaani imelelewa kwenye mapipa ya mwaloni, mwaloni huo aghalabu upo kuficha tunda dogo. Iache.

Vijiji vya kusini vinavyolipa

Hapa ndipo pesa yako inapofanya kazi zaidi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Cairanne ilipandishwa kuwa cru mwaka 2016, na bei bado hazijaifikia heshima hiyo. Kanuni zake zinataka mavuno ya mkono. Divai ni laini, ya matunda mekundu yaliyoiva, na harufu ya majani makavu ya kusini, yale ya zaatari mwitu na rosmari. Euro 12 hadi 16 inakupa mkulima mzuri. Kama ungeniomba kijiji kimoja tu cha kujifunzia Rhône Kusini, ningekupa hiki.

Rasteau, jirani yake kwa upande wa mashariki, ina udongo mzito wa mfinyanzi na miteremko inayotazama kusini. Divai yake ni nyeusi zaidi, ina nguvu na ukakasi, na inataka nyama. Angalizo: jina Rasteau lilianza kwa divai tamu iliyoongezewa pombe, tangu 1944, na nyekundu kavu ikapata cru yake mwaka 2010 tu. Zote mbili zinauzwa leo kwa jina hilo hilo. Ukiona “vin doux naturel” kwenye lebo, hiyo ni ya kunywa na keki ya chokoleti, si ya mbuzi. Vivyo hivyo Beaumes-de-Venise: nyekundu yake ni nzuri, lakini jina hilo lilijulikana kwanza kwa Muscat tamu nyeupe.

Vinsobres, cru tangu 2006, iko kaskazini zaidi na juu zaidi, upande wa Nyons. Usiku huko ni baridi, Syrah inafurahi, na divai haikuchoshi. Haina jina kubwa, hivyo mkulima hana kiburi cha bei.

Lirac iko ng'ambo ya mto ukiitazama Châteauneuf, na kwenye sehemu kubwa ya mashamba yake kuna mawe yale yale ya mviringo yanayoshika joto la mchana. Imekuwa cru tangu 1947. Bandari yake ya zamani, Roquemaure, ndiko mapipa yalikoanza kupigwa chapa ya herufi C.D.R. mwaka 1737, kwa hiyo jina Côtes du Rhône kwa asili ni la ukingo huu wa magharibi. Historia haikuilipa. Euro 13 hadi 17 hapa inakupa kitu kilicho karibu na Châteauneuf kuliko Châteauneuf yoyote ya bei hiyo.

Gigondas na Vacqueyras ni nzuri, lakini Gigondas ya kuaminika inaanza karibu euro 17 na kuendelea. Iache kwa sikukuu, na safari hii ununue ya mkulima. Vacqueyras unaweza kuipata kwa 14 au 15.

Chini ya cru, kwa euro 8 hadi 12, tafuta Villages zenye jina: Plan de Dieu, uwanda wa mawe wenye divai nene na ya kirafiki, kisha Séguret na Sablet, ambazo ziko kwenye vilima na zina ubichi zaidi. Massif d'Uchaux, Visan, Valréas na Signargues nazo ni za kuonja. Halafu kuna Ventoux, ambayo haimo kabisa kwenye ngazi ya Côtes du Rhône. Mlima wenyewe una zaidi ya mita 1,900, na hewa yake ya usiku inatunza uchachu wa zabibu. Kadiri miaka ya joto inavyozidi, ndivyo Ventoux inavyozidi kuwa na maana. Château Pesquié na Domaine de Fondrèche ni majina ya kuanzia. Usichanganye na La Vieille Ferme, ile yenye kuku kwenye lebo: zamani ilibeba jina la Ventoux, sasa inauzwa kama Vin de France, yaani zabibu zinaweza kutoka popote nchini.

Kaskazini, kwa haraka

Sahau majina makubwa ya huko, Côte-Rôtie, Hermitage na Cornas, kwa sasa. Kaskazini ardhi ni kidogo na kazi yote ni ya mkono, kwa hiyo hakuna bei ya huruma. Crozes-Hermitage inaanza karibu euro 13 hadi 15, lakini ujue kwamba kilima cha Hermitage kina hekta 130 na ushee, ilhali Crozes inazidi 1,800, nyingi zikiwa kwenye uwanda ulio kusini ya mji wa Tain ambako mashine zinapita. Crozes ya euro 9 kwa kawaida ni majimaji yenye pilipili. Chama cha ushirika cha Cave de Tain, kilichoanzishwa 1933, ndicho mahali salama pa kununua Crozes ya bei ya kati. Saint-Joseph ni zaidi kidogo ya bajeti yako.

Njia ya mjanja huku ni IGP Collines Rhodaniennes (IGP ni jina la eneo lenye masharti mepesi kuliko AOC). Hizi ni Syrah za vilima vya kaskazini zilizo nje ya mipaka ya majina makubwa, au za mizabibu michanga, zikitengenezwa na watu walewale wa Côte-Rôtie na Saint-Joseph. Yves Cuilleron, François Villard na Pierre Gaillard, waliofufua mashamba ya Seyssuel karibu na Vienne tangu 1996, wamefanya mengi kuipa heshima Syrah ya nje ya mipaka. Kwa euro 11 hadi 16 unapata harufu ya urujuani na pilipili, kileo cha asilimia 12.5 au 13, na ubichi ambao kusini hauupati.

Kusoma chupa kabla ya kuitoa rafuni

Neno “château” au “domaine” kwa sheria ya Ufaransa linataka zabibu ziwe za shamba hilo. “Mis en bouteille au domaine”, yaani imefungwa shambani kwenyewe, ni ishara nzuri. “Mis en bouteille à la propriété” inaweza kuwa mkulima au ushirika, na ushirika si tusi: wa Cairanne na wa Rasteau wanatoa chupa za heshima kwa euro 8 hadi 11. Ukikuta jina la kimapenzi, picha ya kasri, na chini yake msimbo mtupu tu unaoanza na EMB, bila jina la mkulima yeyote, mwenye divai hataki kujulikana. Kwenye kifuniko cha juu, kama kina kile kichwa cha Marianne, mwanamke anayewakilisha Jamhuri ya Ufaransa, tafuta herufi: R ni mkulima, N ni mfanyabiashara, E ni mwenye ghala. Namba iliyo kando yake ni ya département, yaani mkoa: 84 ni Vaucluse, 30 Gard, 26 Drôme, 07 Ardèche. Ukiona divai ya Rhône yenye namba 33, imefungwa Bordeaux.

Divai zilizotengenezwa baada ya tarehe 8 Desemba 2023 zinatakiwa kutaja viambato, mara nyingi kupitia msimbo wa QR. Uskani. Asidi ya tartaric, inayoongeza uchachu, ni kawaida katika mwaka wa joto, na salfaiti, zinazohifadhi divai, ni za kawaida siku zote. Orodha ndefu kwenye chupa ya bei ndogo inakuambia ni kiasi gani ghala lilihangaika kurekebisha zabibu.

“Vieilles vignes” (mizabibu mizee), “réserve” na “cuvée prestige” hazina maana yoyote kisheria. Uzito wa chupa nao hauna, unalipia kioo. Na medali: kanuni za Ufaransa zinaruhusu shindano kutuza hadi theluthi moja ya divai zilizoingizwa, na anayeingiza analipia. Wakulima wengi wazuri, ambao divai yao inaisha kabla ya majira ya kuchipua, hawahangaiki kushiriki. Medali inakuambia divai haina kasoro kubwa. Haikuambii zaidi ya hapo.

Mwaka

Kwa divai ya euro 12 mwaka si jambo la kufa na kupona, ila unasaidia kuchagua mtindo. 2019 na 2022 ni miaka ya joto: divai nene, kileo juu, nzuri kwa nyama ya moto. 2020 ni ya matunda na laini, rahisi kupenda. 2021 iliunguzwa na baridi kali ya usiku mwezi wa Aprili, kisha majira yakawa ya ubaridi, kwa hiyo divai ni nyepesi. Ya mtengenezaji mvivu ni chungu na mbichi, ya makini ni burudani na ina kileo kidogo. 2024 mvua na ukungu vilipunguza mavuno, na hapo jina la mkulima lina uzito kuliko la kijiji. Côtes du Rhône ya kawaida inywe ndani ya miaka mitatu au minne tangu mavuno. Cairanne na Rasteau zinavumilia sita hadi nane, kama hazikai juu ya friji lako: fleti za Lyon wakati wa kiangazi hupanda kupita nyuzi 28, na miezi miwili ya joto hilo inapika divai.

Mahali pa kununua, na mezani

Maonyesho ya divai ya supamaketi kila Septemba yana thamani ya kweli kwenye chupa chache zilizotajwa jina la domaine, na huisha siku mbili za kwanza. Zilizobaki wiki ya pili zimebaki kwa sababu. Kwa mwaka mzima, duka la caviste, yaani muuza divai mtaalamu, linakulipa zaidi ukimwambia wazi: “Nataka kusini, si zaidi ya euro 13, ya mkulima, isiyolelewa kwenye pipa jipya.” Sentensi hiyo inamwonyesha kwamba huwezi kuuziwa mabaki. Na wewe uko Lyon: treni ya TER inakufikisha Tain-l'Hermitage kwa saa moja hivi, na Cairanne ni mwendo wa saa mbili na ushee kwa gari. Piga simu kabla ya kwenda, na usiende wakati wa mavuno, kwa kuwa hakuna atakayekuwa na muda nawe.

Wageni wakizidi kumi, usidharau divai ya boksi ya lita 5 kutoka ushirika. Angalia tarehe ya kujazwa, isizidi miezi sita, na ukishaifungua inakaa mwezi mzima bila kuharibika kwa sababu mfuko unajikunja na hewa haiingii.

Kuhusu chakula chako. Mbuzi wa kuchoma na Rasteau au Lirac ni ndugu. Pilau, pamoja na karafuu na bizari yake, inaenda na Cairanne, maana Grenache iliyoiva ina viungo vya jamii hiyo. Shida ni kachumbari yenye pilipili: kileo cha asilimia 15 kinachochea moto mdomoni, na uchachu wa ndimu unaifanya divai ionekane bapa. Siku ya pilipili nyingi chukua Ventoux au Syrah ya Collines Rhodaniennes, na uipoze zaidi kidogo.

Joto ndilo kosa linaloharibu Rhône nyingi nzuri. Ile desturi ya “joto la chumba” ilitoka kwenye nyumba za mawe zenye nyuzi 17, si sebule ya nyuzi 24. Juu ya nyuzi 19 kileo kinapanda puani na tunda linapotea. Weka chupa kwenye friji dakika 30 kabla ya kuimimina, ifike nyuzi 15 hadi 17. Syrah ikitoa harufu ya kiberiti au yai lililochemshwa, haijaharibika: imwage kwenye jagi, iache nusu saa. Ikinuka zizi au plasta ya jeraha, ni chachu ya Brettanomyces. Kidogo watu wengine wanaipenda, ikizidi ni kasoro. Ikinuka boksi lililolowa maji na tunda limekufa, ni kizibo kibovu kilichoharibu divai. Hiyo haiponi kwa kuachwa wazi: rudisha kizibo, peleka chupa ikiwa bado imejaa karibu yote pamoja na risiti, na caviste wa kweli atakubadilishia bila maneno.

Kwa euro 50 za mwezi huu ningeanza na Séguret au Plan de Dieu ya euro 10, Ventoux ya 10, Cairanne ya 14 na Syrah ya Collines Rhodaniennes ya 14. Inabaki euro mbili. Fungua Cairanne na Syrah Jumapili moja, glasi mbili mbele ya kila mgeni, nyama ileile. Baada ya hapo utajua kama wewe ni mtu wa kusini au wa kaskazini, na nusu ya rafu hutahitaji tena kuitazama. Zikibaki, ziba na uweke zote kwenye friji. Syrah itasubiri siku tatu, Cairanne imalize keshoyake.